Sindano ya dexa kwa mama anayetaka kuzaa njiti: nyie nani aliwafundisha kuamua?

DaktariWaKituo:

Habari zenu wakuu, natumaini wazima. Mimi ni daktari, mwaka wa pili huu tangu nimalize intani, niko kituo cha afya vijijini huku Dodoma, wilaya sitaitaja. Kuna jambo linaninyima usingizi wiki ya pili sasa, nimeona nililete hapa maana kwenye grupu letu la WhatsApp la tuliosoma pamoja nimeuliza nikapata majibu sita, yote tofauti, na kila mtu anaapa kwa lake.

Alikuja mama wa mimba ya pili, usiku kama saa nne, uchungu unakuja na kupoa, chupa haijapasuka, njia imefunguka sentimita 2. Kwa kadi ya kliniki ukihesabu zinakuja wiki 31 lakini kimo cha mfuko wa uzazi nikapata 28, na utrasaundi hajapiga hata mara moja tangu mimba iingie. Nikaandika dexa (deksamethazoni, ile sindano ya kukomaza mapafu ya mtoto akiwa bado tumboni) miligramu 12 ya msuli hapo hapo nikakimbilia kuhangaika na rufaa. Nesi niliyekuwa naye zamu, dada mkimya sana yule, akaniuliza kwa adabu tu, "dokta hii 12 inarudiwa saa ngapi? maana dokta aliyekuwepo kabla yako alikuwa anaandika 6". Jamani sikuwa na jibu. Nikamwambia choma dada tutaongea baadae.

Hatukuongea baadae, nilikuwa naona aibu. Kwa sababu nilipokaa nikajiuliza hiyo 12 nimeitoa wapi, jibu ni kwamba nikiwa intani mkubwa wangu wa leba alikuwa anaandika 12, basi na mimi nikawa naandika 12, sikuwahi kumuuliza kwanini na yeye hakuwahi kuniambia. Darasani ilikuwa mistari miwili mitatu ndani ya somo la uchungu wa kabla ya wakati, mtihani ukaja "taja dawa ya kukomaza mapafu ya mtoto", ukiandika deksamethazoni umepata maksi yako umeondoka.

Sasa mama kafika alikopelekwa, saa nane usiku napigiwa simu, "dokta umempa nini, kiasi gani, saa ngapi?" Kwenye barua ya rufaa nilikuwa nimeandika "amepewa dexa". Basi. Hakuna kiasi hakuna saa. Daktari wa kule hakunigombeza, alinyamaza kidogo akasema sawa, na ule ukimya wake ndo ninaoukumbuka mpaka leo. Mtoto alizaliwa kesho yake jioni, gramu 1,480, yuko hai, mama yake anambeba kangaruu, kifuani ngozi kwa ngozi. Namshukuru Mungu sana. Ila najua mtoto yule amepona na mimi nikiwa sijui nilichokuwa nafanya.

Kwahiyo naomba tuongee wazi. Dozi sahihi ni ipi? Nikiwa kituoni nitoe kabla ya rufaa au niache watoe mbele? Mama ambaye wiki zake hazieleweki nifanyeje? Na nyie wenzangu, hili nani aliwafundisha, namaanisha kufundishwa kweli sio kuona mtu anaandika na wewe ukaiga?


IntaniWaJana:

Mkuu pole na hongera kwa kusema ukweli, wengi tuko hivo hivo tumenyamaza.

Kwenye dozi nikusaidie maana hapo mimi niliadhibiwa kwa kusimamishwa raundi nzima mpaka nikariri. Hiyo 12 sio ya dexa, ni ya betamethazoni. Betamethazoni ni miligramu 12, halafu 12 nyingine baada ya saa 24, umemaliza. Deksamethazoni ni miligramu 6 kila baada ya saa 12, mara nne. Zote ukijumlisha unapata 24 ndo maana watu wanachanganya, mtu anajua jumla ni 24 anaigawa anavyojua yeye. Na huku kwetu betamethazoni huioni, iliyopo ni dexa.

Halafu kuna kitu cha kijinga kinachangia, angalia kichupa chenyewe. Kimeandikwa miligramu 4 kwa mililita 1. Ukitaka 6 lazima uvute kichupa kimoja na nusu, yani mililita 1.5. Sasa usiku leba imejaa, mtu anaona kuliko kuhangaika na nusu bora atoe kimoja (4) au viwili (8) au vitatu (12), hizo namba zote za ajabu unazoziona kwenye mafaili zinatoka hapo, hazitoki kwenye kitabu chochote. Nusu inayobaki tupa, usiiweke eti ya saa kumi na mbili asubuhi.


MO_Kimya:

Mimi nitasema kitu ambacho labda hamtakipenda. Mimi kwenye kituo cha afya nimeacha kutoa kabisa. Kuna ule utafiti mkubwa wa nchi sita, Argentina, Guatemala, India, Kenya, Pakistan na Zambia, ulitoka kwenye jarida la kitabibu la Lancet kama 2015 hivi, walihimiza hii dawa mpaka ngazi ya chini huko vijijini, na nini kikatokea? Njiti hawakupungua kufa, na ukichukua watoto wote kwa ujumla vifo viliongezeka, karibu 27 kwa kila watoto 1,000 upande uliohimizwa, upande mwingine 24 hivi. Na akina mama wakapata maambukizi zaidi. Nilipousoma nikasema basi, mimi na dexa ya leba tumeachana.

Na yangu mwenyewe ninayo. Miaka mitatu nyuma nilimchoma mama ambaye chupa ilipasuka siku mbili kabla, siku ya tatu akawaka homa hatari, alipona lakini kwa shida mno. Tangu hapo chupa ikishapasuka mimi sigusi hiyo dawa, natoa antibiotiki na gari liondoke. Tusiwe tunachoma tu ili tuonekane tumefanya kitu.


BingwaWaLeba:

Nimesoma yote, nimeona nikae niandike vizuri. Mimi ni daktari wa akina mama hapa Dodoma mjini, intani wanapita mikononi mwangu kila mwaka, na alichoandika DaktariWaKituo ndicho ninachokiona kila mwaka. Kijana anakuja anajua jina la dawa. Ukimuuliza nani HUTAMPA anakutazama.

Kwanza niseme dawa hii ilitoka wapi, kwa sababu ukijua ilikotoka utajua namna ya kuiheshimu. Mwaka 1963 mtoto wa Rais Kennedy wa Marekani alizaliwa wiki 34 na ushee, kilo mbili na kidogo, akafa hata siku mbili hazijatimia kwa sababu mapafu yalishindwa. Mtoto wa rais, hospitali kubwa, hawakuwa na la kufanya. Uzito ule leo hata kwenye hospitali zetu za wilaya mama ana matumaini makubwa ya kuondoka na mtoto wake. Kule Auckland, Nyuzilandi, kulikuwa na daktari anaitwa Liggins alikuwa anachunguza kondoo, na wala hakuwa na habari na mapafu, alitaka kujua uchungu unaanzishwa na nani, mama au mtoto. Akawa anawapa steroidi, yaani jamii ya dawa ambayo dexa imo, watoto wa kondoo wakiwa bado tumboni, wanazaliwa kabla ya siku zao. Akamkuta mmoja ambaye kwa umri wake alitakiwa awe amekufa, bado anapumua. Ninyi mliokulia kwa wafugaji huku kwetu mnajua mwanakondoo wa kabla ya wakati anavyokuwa, hanyanyuki. Huyu anapumua. Liggins akashirikiana na daktari wa watoto anaitwa Howie wakafanya kwa akina mama 282, matokeo yakatoka 1972.

Sasa sikilizeni. Dunia ilikaa zaidi ya miaka 20 dawa ipo, bei rahisi, ushahidi upo, madaktari wengi hawaitumii. Marekani walifika mpaka 1994 ndio taasisi zao za afya zikaitisha kikao na kusema sasa itumike. Ile nembo ya Cochrane, shirika linalokusanya na kuchambua tafiti za tiba, duara lenye vistari katikati, vile vistari ni tafiti za dawa hii hii, waliiweka pale kusudi watu waone gharama ya kuwa na ushahidi kabatini. Kwahiyo daktari kuisikia dawa bila kuijua halikuanzia Dodoma, kijana usijione peke yako.

Inafanya nini. Vifuko vya hewa vya njiti vinanatana, kama mfuko wa nailoni uliolowana ndani kuta zake zinavyong'ang'aniana. Mtoto aliyekomaa ana utelezi fulani, safakitanti, unazuia kuta zisinatane. Njiti hana wa kutosha. Steroidi inapita kwenye kondo la nyuma inaenda kuamsha zile chembe zitengeneze huo utelezi mapema. Na haiishii mapafuni, inapunguza damu kuvuja kwenye ubongo na utumbo kuoza. Na hapa niseme maana nimeshakuta, vidonge vya prednisoloni, ambayo nayo ni steroidi, havifanyi kazi hii, kondo linaviua kabla havijamfikia mtoto. Kuna mama alipewa vidonge siku tatu "vya mapafu". Mtu aliyempa alikuwa na nia njema kabisa.

Nije kwa MO_Kimya. Ndugu yangu namba zako ni za kweli na woga wako una msingi, ila hukuendelea kusoma. Katika utafiti ule dawa ilipelekwa hadi mahali ambapo wiki za mimba hazikujulikana sawasawa, wengi waliochomwa wala hawakuzaa njiti, walienda wakazaa watoto wao waliokomaa, na pale walipozaliwa njiti uangalizi wa kuwapokea ulikuwa mdogo. WHO, Shirika la Afya Duniani, wenyewe hawakuufumbia macho, wakarudi wakafanya utafiti mwingine Bangladesh, India, Kenya, Nigeria na Pakistan, akina mama 2,852, safari hii hospitalini, utrasaundi ya kuhakikisha wiki 26 hadi 33, na sehemu ya kumtunza mtoto ipo. Ukachapishwa 2020. Watoto waliokufa baada ya kuzaliwa walikuwa asilimia 19.6 kwa waliopata dexa na 23.5 kwa ambao hawakupata. Ukihesabu, kila mama kama 25 ukiwachoma unaokoa mtoto mmoja. Na maambukizi kwa akina mama hayakuongezeka. Waliusimamisha kabla ya muda kwa sababu faida ilishaonekana.

Dawa ile ile, nchi nyingine zile zile. Kilichobadilika ni nani anapewa na mtoto anapokelewa wapi. Hilo ndilo vyuo vyetu havifundishi, tunafundisha dozi. Waliosoma habari ya 2015 ikiwa ya moto wamebaki na woga, waliosoma kabla yake wamebaki na mazoea, na wote wawili wako zamu moja kwenye leba moja, nesi anawaangalia.

Mimi intani simuulizi dozi siku ya kwanza. Namsimamisha pembeni ya kitanda na kadi ya mama mkononi namwambia nieleze, una uhakika gani kwamba huyu yuko kati ya wiki 24 na 34? Nini kinakuambia atazaa ndani ya siku saba, au ni tumbo tu linamsumbua? Umemtafuta maambukizi kwa mikono yako, homa, mapigo ya mama yamepita 100, ya mtoto yamepita 160, tumbo linauma ukiligusa, maji yananuka? Na mtoto akitoka anaenda wapi, kuna joto, kuna maziwa, kuna oksijeni na CPAP, ile mashine ya kumsukumia hewa mapafuni, kuna mtu anayejua kumfufua? Akinijibu hayo, dozi nitamwambia mwenyewe.

Chupa iliyopasuka peke yake siyo kizuizi. Maambukizi ndiyo kizuizi. Mama aliyepasuka chupa wiki 30, hana homa, hana dalili yoyote, huyo anapewa dexa na antibiotiki yake. Wa kwako inawezekana kabisa alikuja na maambukizi tayari, au aliyapata kwa sababu ya siku mbili za kukaa nyumbani, pole sana kwa kilichokukuta lakini usiwanyime wengine.

Halafu kuna wanaosahaulika kila siku na inaniuma. Mama wa presha ya mimba kali, wiki 30, tumeamua sisi wenyewe kwamba lazima azae. Hana uchungu, basi hakuna anayekumbuka dexa, vijana wameshika kwamba ni dawa ya uchungu wa mapema. Sisi ndio tunaomtoa mtoto mapema halafu sisi ndio tumesahau kumwandaa! Mapacha vilevile.

Na msisubiri dozi zote nne zitatimia ndio mseme ina maana. Nguvu yake kubwa ni kuanzia saa 24 mpaka siku saba, lakini hata dozi ya kwanza iliyokaa saa chache inasaidia. Ukiona atazaa usiku huo huo bado toa.

Kuhusu kutoa kituoni kabla ya rufaa. Mimi ninavyofanya na vituo vinavyonipigia, kwanza gari, mtu aite 115 ya m-mama, ule usafiri wa dharura wa wajawazito, wakati mwingine anampima mama, sindano isicheleweshe safari hata dakika tano. Halafu unanipigia mimi ninayepokea, tunaongea wiki, tunaongea homa, tukikubaliana unachoma 6 ya kwanza unaandika saa, mimi naendelea na ya pili. Tusipokubaliana mama anakuja hivyo hivyo nitaamua mimi. Mtu asiamue peke yake saa nne usiku wakati simu ipo.


MkungaMstaafu:

Hamjambo wanangu. Mimi nimestaafu, nimekaa leba zaidi ya miaka thelathini, nyingi huku huku kati kati ya nchi. Mjukuu ndo kanionyesha huu mjadala nikasema ngoja niandike.

Bingwa amesema vizuri sana lakini hilo la "una uhakika gani na wiki" mnalipita haraka, ndo gumu kuliko yote. Utrasaundi ya mapema mama wa kijijini haipati, anakuja kliniki mara ya kwanza mimba ina miezi mitano. Ukimuuliza siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho tarehe ngapi anakujibu tarehe moja, kwa sababu anaona unataka tarehe. Ndo maana kadi nyingi zimejaa tarehe 1 na tarehe 15, hamjajiuliza? Mimi nilikuwa siulizi tarehe. Nauliza mara ya mwisho unaenda mwezini mlikuwa mnafanya nini shambani. Ananiambia mama tulikuwa tunapura uwele. Au ndo mvua ya kwanza imenyesha tunapanda. Au ilikuwa wiki ya Pasaka nilishindwa kwenda kwaya kwa sababu ya siku zangu. Hapo unampata, maana Pasaka ina tarehe. Halafu nauliza mtoto alianza kucheza lini, nalinganisha na tumbo. Vikigongana vitatu naamini, vikipishana mwezi mzima namwambia daktari asiandike 31 kama vile ana uhakika, aandike "kati ya 28 na 32" na ajue anachokijua na asichokijua. Yule mama wako daktari, kadi 31 tumbo 28, inaweza kuwa wiki ziko chini, inaweza kuwa mtoto hakui, na bado kwa vyovyote yuko ndani ya mpaka, alistahili sindano. Moyo wako utulie kwa hilo.

Jambo la pili. Nyie madaktari mnaandika kila saa 12 mara nne mnaondoka. Anayechoma ni nesi. Mama akipewa ya kwanza saa nane mchana, ya pili ni saa nane usiku, na usiku huo nesi yuko peke yake ana wanawake sita wanasukuma. Kesho zamu imebadilika, wa asubuhi anakuta kwenye faili "dexa inaendelea", inaendelea wapi? Nimeona mama amepewa mbili ikaonekana ni nne, nimeona aliyepewa tano. Mimi nilikuwa nachukua kipande cha plasta nyeupe nabandika kichwani mwa kitanda, naandika saa zote nne, kila tukichoma tunakata moja. Mama mwenyewe anakuwa anaiona, ya usiku ikipita anatuita "sista, saa yangu imefika". Hakuna semina iliyonifundisha hilo.

Na huyo dada aliyekuuliza kwanini 12, mrudie. Mwambie alikuwa sahihi kuuliza. Nesi akiuliza mara moja akajibiwa "choma tu", mara ya pili haulizi tena, na siku hiyo ndo utakayokuwa umekosea kweli.


MamaWaNjiti_Dom:

Shikamoo mama mkunga, shikamooni madaktari. Mimi sio mtu wa afya, nauza nguo, ila mada imenigusa hadi nimelia.

Mwanangu alizaliwa wiki ya 29, hospitali sitaitaja, saivi ana miaka minne anasumbua hatari. Nilichomwa sindano ya kwanza pajani hakuna aliyeniambia ni ya nini. Nilipoona wanakuja na ya pili nikakataa. Nilikataa kabisa nikamwambia nesi mnataka kunifanyaje, kwa sababu mama aliyekuwa kitanda cha pembeni aliniambia hizo ni sindano za kuzuia uchungu na ukizidishiwa mtoto anakwama. Yule nesi alikuwa amechoka akaandika nimekataa akaenda zake. Nilikaa saa nyingi sijachomwa. Ni nesi mwingine wa zamu ya usiku ndo alikuja akakaa kitandani kwangu akanishika mkono akasema, mama fulani, mtoto wako akitoka leo hawezi kupumua, hii sindano inaenda kwake sio kwako, inampikia mapafu. Maneno hayo tu, dakika moja haikuisha. Nikampa paja mwenyewe.

Alilala kwenye mashine wiki tatu. Sasa huwa nawaza zile saa nilizokataa, kama angekufa ningeishi vipi, na wala nisingejua kwamba nilikataa nini. Naombeni tu madaktari mtuambie. Hatuhitaji jina la dawa. Tuambieni inaenda kwa mtoto.


MfamasiaDom:

Nitie neno fupi. Dexa kwenye kituo inatumika kwa kila kitu, mzio, pumu, mtu kavimba koo, hata watu wanaiomba ya mgongo. Ndo maana siku mama wa wiki 30 anakuja unaambiwa imeisha. Mimi nimetenga vichupa vinane vya leba kwenye boksi dogo na mkanda mwekundu, ni dozi nne za mama mmoja (kichupa na nusu mara nne ni sita, ila ukitupa nusu kila mara unahitaji vinane). Mtu wa wagonjwa wa nje haruhusiwi kugusa. Ikitumika nesi ananiletea boksi tupu narudishia siku hiyo hiyo. Mwulizeni mfamasia wenu, haigharimu kitu.


MO_Kimya:

Bingwa nimekusoma, nimerudia mara mbili. Ule wa 2020 kwa kweli sikuwa nimeufikia, niliishia ule wa kwanza nikafunga mlango. Swali moja, na mama mwenye kisukari? Na yule aliyechomwa wiki ya 28, uchungu ukatulia akarudi nyumbani, amekuja tena wiki ya 31, anarudiwa?


BingwaWaLeba:

Asante kwa kurudi ndugu yangu, wengi wakishaandika wanaondoka.

Kisukari anapewa, ila sukari itapanda kwa siku kadhaa, kwahiyo apimwe mara kwa mara na dawa zake zirekebishwe, huyo asikae kituoni, aje. Na hata asiye na kisukari, ukimpima damu siku inayofuata utakuta chembe nyeupe zimepanda, usikimbilie kusema ana maambukizi kwa hilo peke yake, ni dawa. Mtazame mama mwenyewe.

Anayerudi, kama siku saba zimepita na unaona kweli atazaa ndani ya wiki, mwongozo wa WHO wa 2022 unaruhusu kumrudia awamu moja zaidi. Moja. Sio kila wiki kama tulivyokuwa tunafanya zamani tukidhani ukizidisha ndio mapafu yanakomaa zaidi, watoto wakawa wanazaliwa wadogo kuliko walivyotakiwa. Ndio maana ya kuwa mgumu ile mara ya kwanza, kama hukuwa na uhakika ukamchoma wiki 28 kwa tumbo tu lililokuwa linasumbua, umeitumia nafasi yake.


DaktariWaKituo:

Sijui nianzie wapi kuwashukuru. Mama mkunga shikamoo, na maneno yako nimeyafanyia kazi leo asubuhi. Nilimwita yule dada kabla ya kuanza raundi nikamwambia siku ile ulikuwa sahihi, ni 6, na mimi sikujua. Akanyamaza, halafu akasema "dokta hata mimi nilikuwa sina uhakika, ndo maana niliuliza". Tumekaa tukaandika karatasi moja kwa kalamu nene ya bluu, wiki, homa na mapigo, kichupa kimoja na nusu, namba ya simu ya wanaopokea, na chini nafasi nne za saa. Tumeibandika ukutani leba juu ya meza ya dawa. Kwenye kitabu cha barua za rufaa ameniandikia kila ukurasa juu kabisa "DEXA: KIASI ___ SAA ___" kurasa zote zilizobaki, kwa mkono, nimemkuta anaifanya wakati wa chai. Nimepeleka ombi kwa mfawidhi Alhamisi tufundishane kituo kizima nusu saa, nesi ndo ataanza kuongea sio mimi.

Na yule daktari aliyenipigia saa nane usiku nimemtafuta nikamwomba radhi kwa ile barua. Ameniambia wameshazoea.


MamaWaNjiti_Dom:

Dokta na mtoto yule anaendeleaje? Kaongezeka?


DaktariWaKituo:

Niliongea na mama yake jana dada. Gramu 1,560. Ameanza kunyonya mwenyewe kidogo kidogo, bado wanamalizia na kikombe.